Mwalimu wa Kwaya na Feni Yake ya Nguvu

Isome hii ukiwa umetulia, kisha mpelekee yule mtu wa nyumbani kwako anayeongea kama yuko ng'ambo ya mto.

Kule Tukuyu, mji ambao mvua hunyesha hata siku isiyotarajiwa, palikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Ambakisye. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda sifa kidogo, na mwenye sikio ambalo usharika mzima ulijivunia.

Walimu wenzake walikwenda na kinanda kila mahali, wamekifunga nyuma ya pikipiki na kukifunika kwa turubai. Ambakisye alikwenda mikono mitupu. Wimbo ulipotaka kuanza, aliinamisha kichwa, akafumba macho, akatoa sauti ya kuanzia kwa kinywa chake mwenyewe, na waimbaji wakaipokea hapo hapo. Ukimwuliza kinanda kiko wapi, aligusa sikio lake na kucheka.

Mwalimu huyu alikuwa na chumba cha kurekodia nyimbo, kando ya nyumba yake, ukuta mmoja na jiko. Ndani yake ilikuwamo kompyuta. Ile ya kwanza iliungua mchana kweupe na kuondoka na nyimbo zote alizokuwa amezihifadhi. Fundi alipoifungua alikuta vumbi tupu na kifeni kidogo kilichokwama zamani. Ambakisye alilia siku hiyo kuliko alivyowahi kulia msibani.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipopata vipande vya kuunda kompyuta nyingine, aliapa kwamba hii haitajua joto ni nini.

Akamwendea seremala anayetengeneza viti vya kanisa, akamwagiza kasha la mbao za mninga. Seremala alifanya anachokijua. Kasha likatoka refu, lina nguzo pembeni na msalaba mdogo juu, na mgeni akiingia chumbani alidhani mimbari imeletwa kupigwa rangi. Nyuma ya kasha hilo Ambakisye akafunga feni pana kama sahani ya pilau, iliyotolewa kwenye mitambo ya kampuni moja iliyokuwa ikifungwa. Ilikuwa feni ya kupoza chumba kizima cha mashine. Yeye aliipa kompyuta moja.

Siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza, kalenda ilidondoka ukutani na karatasi za nyimbo zikaondoka mezani bila kuaga. Kuku aliyekuwa amejibanza mlangoni alikimbia na hakurudi mpaka jioni. Ambakisye alisimama katikati ya upepo ule akitabasamu kwa raha zote. Katika mji ambao watu hunywa chai ya mchana wamevaa sweta, yeye alikuwa amejiongezea baridi kwa hiari yake.

Ngurumo yake sasa. Haikuwa kelele ya kupanda na kushuka. Ilikuwa sauti moja, ya juu, iliyonyooka, tangu unapowasha mpaka unapozima. Kwa kuwa mwalimu alipenda kurekodi kila zoezi, feni ilizunguka kila zoezi. Waimbaji walianza kuja na makoti mazito na kuyavaa wakishaingia ndani.

Asajile, fundi redio wa pale sokoni, alijitolea kuipunguza mwendo. Ambakisye alikataa katakata. Alisema nguvu ikizidi haimdhuru mtu, bali ikipungua ndipo vitu vinapoungua. Kuhusu kelele, dawa aliijua.

"Tuizidi," aliwaambia waimbaji. "Pazeni sauti. Feni ni moja, sisi ni kwaya."

Wakapaza. Mazoezi baada ya mazoezi wakapaza, mpaka shingo za wanawake zikachora mishipa na wanaume wa besi wakawa wanaimba wameinua nyusi. Mwalimu naye akazoea kusema kila jambo kwa nguvu zile zile. Aliomba chumvi mezani kama anayeita mtu aliye shambani. Hakujua kwamba anapiga kelele, maana mtu hasikii kimo cha sauti yake mwenyewe.

Mkewe aliitwa Tumpe, na watu walimwita Mama Lusajo kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Zamani, Ambakisye alipokuwa akimchumbia, alimtungia wimbo wa shukrani. Aliutunga kwa kuipima sauti yake Tumpe, kama fundi cherehani anavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa. Ulianza chini, ukapanda polepole, ukafika kilele mahali ambapo Tumpe alipafikia akiwa bado na pumzi ya akiba. Tangu hapo wimbo ule ukawa wa kwaya nzima, na Tumpe ndiye aliyeuongoza kila ulipoimbwa.

Sasa usharika ulikuwa unakaribia jubilei, na kamati ikaomba wimbo huo huo urekodiwe. Kwaya ikaanza kuufanyia mazoezi chumbani, feni ikinguruma nyuma ya kasha.

Tumpe akashindwa kukifikia kilele.

Mara ya kwanza alisema ni mafua. Mara ya pili akanywa maji ya tangawizi na asali. Mara ya tatu sauti yake ilikatika katikati ya neno, na waimbaji wakaangalia viatu vyao. Ambakisye aliuona uso wa mkewe, na moyo ukamuuma, lakini jubilei ilikuwa inakuja na wimbo lazima uimbwe. Akaamua.

Alimkuta jikoni anamenya ndizi. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri ili yawe ya upole.

"Mama Lusajo, sauti yako imechoka," akasema. "Wimbo nimempa Subilaga."

Yeye alidhani amesema kwa upole. Kumbe aliyasema kama anavyosema kila kitu siku hizo, na maneno yakatoka dirishani yakavuka migomba.

Tumpe akaweka kisu chini.

"Nimesikia, Baba Lusajo," akajibu. "Na nyumba ya pili wamesikia."

Kisha akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya. Hakugomba, hakununa, na chakula cha jioni kilikuja kwa wakati wake. Zoezi lililofuata alikwenda mwenyewe kusimama mstari wa nyuma, kwenye sauti ya pili, akamsogezea Subilaga karatasi ya wimbo na kumwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Waliomwona walisema Mama Lusajo ana moyo mkubwa. Ni kweli alikuwa nao, na ulikuwa umevunjika.

Subilaga alikuwa binti mwenye sauti nyembamba na kali. Alikifikia kilele, ingawa alikifikia amefumba macho na kukunja ngumi. Wimbo ukarekodiwa, ukapelekwa kwa kamati.

Majibu hayakuchelewa. Mwenyekiti wa kamati aliwashukuru kwa bidii, kisha akauliza kwa heshima zote kama kwaya ilirekodiwa kwenye mashine ya kusaga, na kama inawezekana warudie wakati mashine imezimwa.

Ambakisye aliusikiliza ujumbe huo akitarajia kwamba mwisho wake utakuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Akajaribu kulifunika kasha kwa blanketi, na kompyuta ikapata joto ikazima yenyewe katikati ya ubeti. Akajaribu kulisogeza kasha jikoni, nyaya zikawa fupi. Mwishowe akameza mate ya kiburi, akaenda sokoni kumwita Asajile.

Fundi alikuja na mkoba wake, akachungulia nyuma ya kasha, akapiga mluzi.

"Mwalimu, hii unaipa umeme wote inaoweza kuumeza," akasema. "Tuipe nusu. Itazunguka kwa adabu."

Ambakisye aliuliza kwa woga kama kompyuta haitaungua.

"Hapa Tukuyu? Hapa chai inapoa kabla hujaikoroga."

Asajile akakata waya, akaunga kidude chenye kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio, akakifunga ubavuni mwa kasha. Akaeleza kwamba feni kubwa kama ile ukiipunguzia mno haianzi kabisa, inatetemeka tu na kukwama. Kwa hiyo uiamshe kwanza kwa nguvu, ikishashika mwendo uirudishe chini. Akawasha. Feni ikanguruma kama kawaida yake. Kisha akakizungusha kitufe taratibu, na ngurumo ikateremka, ikateremka, mpaka ikabaki inavuma chini chini, na kalenda ukutani ikatulia kwenye msumari.

Waliiacha kompyuta ifanye kazi nzito kwa muda mrefu. Ambakisye alikuwa anainuka kila mara kuweka kiganja nyuma ya kasha, na kila mara alikuta uvuguvugu tu. Fundi akacheka, akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Mwalimu akabaki peke yake katika kimya. Kwa mara ya kwanza tangu kasha lile liingie chumbani, aliweza kusikia jiko lake. Alisikia mwiko ukigonga sufuria na maji yakimiminwa. Akasubiri kingine alichokizoea, lakini hakikuja. Mkewe hakuwa akiimba. Mwanamke huyu alikuwa haingii jikoni bila wimbo tangu siku alipoolewa, na sasa alikuwa akipika kimya. Ambakisye hakuweza kusema kimya hicho kilianza lini, kwa kuwa feni ilikuwa imekifunika. Alikaa pale akijisikia vibaya, asijue la kufanya.

Alasiri waimbaji wakaja. Walipoingia walisimama mlangoni wakitazamana, kama watu waliokosea nyumba. Mmoja akauliza kama umeme umekatika. Wakacheka, wakavua makoti, wakapanga mistari yao. Subilaga mbele, Tumpe nyuma.

Mwalimu akainamisha kichwa, akafumba macho, akatoa sauti ya kuanzia. Ilitoka chini kuliko alivyozoea siku za karibuni, naye hakulitambua hilo. Kwaya ikapokea.

Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Ambakisye alipunga mkono na kushangaa. Besi walikuwa besi. Kutoka nyuma ilikuja sauti moja pana, yenye joto, iliyoubeba wimbo kutoka chini, na alijiuliza ni nani huyu amejiunga na kwaya bila kumwambia. Alinyoosha shingo amwone, ila waliosimama mbele walikuwa warefu.

Ndipo hofu yake ya zamani ikamrudia. Alikuwa amesimama kando ya kasha, na feni ilikuwa kimya mno. Akawaza vumbi. Akawaza kile kifeni kilichokwama. Mkono wa kulia ukiendelea kuongoza, wa kushoto ukateleza mpaka kwenye kitufe, ukakizungusha kidogo tu, kwa usalama.

Ubeti wa pili ukaanza. Akakizungusha kidogo tena. Ngurumo ikapanda kwa namna ambayo mtu asiyesikiliza asingeitambua. Akaongeza tena.

Na kwaya nayo ikapanda.

Hakuna aliyeambiwa apande. Hakuna aliyejua kwamba anapanda. Subilaga alianza kufumba macho. Besi wakainua nyusi. Mishipa ikajichora shingoni mwa wanawake, na ile sauti pana ya nyuma ikawa nyembamba, ikachoka, na walipokikaribia kilele ikakatika katikati ya neno.

Ambakisye aliijua namna ile ya kukatika. Alikuwa ameisikia mara ile ya tatu, na kwa ajili yake alikuwa ameingia jikoni kusema aliyoyasema.

Alibaki na mkono hewani. Waimbaji, kwa kuwa hawakuambiwa wanyamaze, wakaendelea. Kwa woga wa mtu anayefungua mlango asiojua nyuma yake kuna nini, akakirudisha kitufe chini, polepole. Feni ikateremka. Kwaya yote, wanaume kwa wanawake, ikateremka nayo, na ile sauti ya nyuma ikarudi, pana na yenye joto. Akakipandisha. Wakapanda. Akakishusha. Wakashuka.

Sikio lake alilojivunia halikuwa limetoa sauti ya kuanzia kwa muda mrefu. Feni ndiyo iliyokuwa ikiitoa. Siku baada ya siku ilikuwa imemvuta yeye juu, naye amewavuta watu wake, na wimbo aliomtungia mkewe kwa kipimo chake ulikuwa umepandishwa mpaka mwenyewe hawezi kuuvaa.

Akawanyamazisha.

"Kuna mtu koo linamuuma?" akauliza.

Wakatazamana. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, mpaka ikawa yote. Subilaga alisema amekuwa akitafuna tangawizi kabla ya kila zoezi na anaota ile noti usingizini. Mzee mmoja wa besi akakiri kwamba siku nyingi anafungua mdomo tu bila kutoa kitu. Ambakisye akawauliza kwa nini hawakusema. Ikawa kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeharibika sauti, na aliona aibu. Chumba kizima kikaangua kicheko, kicheko cha watu waliopewa ruhusa ya kuwa wazima.

Tumpe peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, ameshika kanga yake kifuani, akimtazama mumewe.

Ambakisye aliona macho yale. Angeweza kungoja wabaki wawili ili aseme kwa siri. Lakini aibu aliyompa ilikuwa ya hadharani, na alijua hivyo. Akapita katikati ya mistari mpaka alipo.

"Mama Lusajo, sauti yako haikuchoka," akasema. "Wimbo ulikuwa palepale ulipo wewe. Mimi ndiye niliyeupandisha, kisha nikakulaumu kwamba hufiki. Nisamehe, mke wangu."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mtu. Watu wengi mle ndani walikuwa wameisahau sauti hiyo.

Tumpe akafuta machozi kwa pindo la kanga. Mwalimu akamwambia kwamba wimbo ni wake, arudi mbele. Subilaga alikwisha kusogea kumpisha, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Lakini Tumpe akamshika mkono binti yule akamrudisha.

"Mtoto wa watu amehangaika nao, tutauongoza wawili," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Ila sauti ya kuanzia, leo naitoa mimi. Wewe nenda kasimame na besi."

Katika kwaya ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kutoa sauti ya kuanzia. Hata feni, bila wao kujua, ilikuwa imeitoa kwa kupitia kinywa cha mwalimu. Ambakisye aliwatazama waimbaji, akamtazama mkewe, akakuna kichwa. Kisha akaenda kusimama na besi, na mzee yule wa besi akamsogezea nafasi.

Tumpe hakuinamisha kichwa wala hakufumba macho. Aliwatazama watu usoni, mstari kwa mstari, mpaka wazee wa nyuma kabisa, akipima kila mmoja anaweza kusimama wapi. Halafu akatoa sauti. Ilikuwa chini, imetulia, na kila mtu akapata mahali pake ndani yake bila kusukumana.

Wakaimba. Walipokifikia kilele, Tumpe alikipita akiwa bado na pumzi ya akiba, na kwa pumzi hiyo akageuka kumtazama mumewe. Ambakisye alikuwa amefungua mdomo, lakini haimbi. Alikuwa analia, huku mzee wa besi akimpigapiga mgongoni.

Wimbo huo ndio uliopelekwa kwa kamati. Na kuanzia siku hiyo, kila kwaya ile inapotaka kuanza, mwalimu huuliza kwanza, "Mama Lusajo, leo tuko wapi?", kisha husubiri ajibiwe.

Funzo: Kabla hujamwambia mwenzako kwamba ameshindwa kuufikia wimbo, hakikisha si wewe uliyeupandisha. Punguza ngurumo yako kwanza, ndipo utamsikia.